Ligi ya hoki ya barafuni kwa watu wazima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu kwa wanaoendesha ligi. Mengine huulizwa na watu ambao hawajawahi kuvaa viatu vya barafuni, mengine na wachezaji wa siku nyingi waliochaguliwa kuwa manahodha na sasa wanatakiwa kukusanya ada. Karibu majibu yote yanatokana na jambo moja: mchezaji wa ligi hii kesho asubuhi anakwenda kazini, na lazima afike akiwa mzima.

Hii hasa ni ligi ya namna gani?

Ni mashindano ya hoki ya barafuni ya watu wenye miaka 18 na kuendelea, wanaolipa wenyewe ili wacheze. Hakuna mshahara. Bingwa wa msimu huondoka na kikombe kidogo na picha ya pamoja. Lakini ratiba ipo, waamuzi wapo, msimamo wa ligi unaandikwa na mtoano unachezwa mwishoni. Huko Kanada na Marekani wengi huziita ligi za bia kwa sababu ya kinywaji kinachofuata baada ya mechi. Silipendi sana jina hilo, maana huwafanya watu wadhani hakuna anayejali matokeo. Nenda ukatazame mechi ya daraja la mwisho, timu ziko sare na zimebaki dakika mbili, ndipo utajua wanajali kiasi gani.

Mchezo ulianzaje, na watu wa kawaida waliingilia wapi?

Watu wa kawaida ndio waliouanzisha. Mechi ya kwanza ya ndani iliyoandaliwa na kutangazwa ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875, kwenye uwanja wa Victoria Skating Rink. Aliyeiandaa ni James Creighton, na kila upande ulikuwa na wachezaji tisa. Badala ya mpira walitumia kipande bapa cha mbao, kusudi kisiruke na kuwapiga watazamaji. Mwaka 1877 ikaanzishwa klabu ya Chuo Kikuu cha McGill, na mwaka 1886 klabu kadhaa zikaunda chama chao cha ligi, Amateur Hockey Association of Canada.

Hata Kombe la Stanley, ambalo leo linajulikana kama taji la mamilionea, lilitolewa mwaka 1892 na gavana mkuu wa Kanada kwa ajili ya timu za ridhaa, na bingwa wa kwanza alikabidhiwa mwaka 1893. Fedha zilipoingia, timu za ridhaa zikasogezwa pembeni: kuanzia 1909 zikawa zinagombea Kombe la Allan, na mwaka 1917 ikaundwa NHL, ligi ya kulipwa. Kwa hiyo anayecheza baada ya kutoka kazini anafanya kilekile walichofanya wale wa Montreal. Asijione kama mgeni kwenye mchezo huu.

Mbona ligi za watu wazima zimeenea karne nzima baadaye?

Kwanza ni barafu yenyewe. Ilipokuwa inategemea baridi ya nje, msimu ulikuwa mfupi na kila mtu aligombea wiki zilezile chache. John Gamgee alifungua uwanja wa barafu ya kutengenezwa London mwaka 1876, lakini teknolojia hiyo ilichukua muda kufika kwenye hoki. Ndugu wawili, Frank na Lester Patrick, walijenga viwanja vya namna hiyo magharibi mwa Kanada mwaka 1911.

Kisha ikaja mashine. Zamani kulainisha barafu kulihitaji trekta la kukwangua, watu kadhaa wa kuzoa, kuosha na kumwaga maji, na zaidi ya saa moja ya kusubiri. Frank Zamboni, mwenye uwanja huko Paramount, California, alikamilisha mashine yake ya kwanza mwaka 1949, na kazi ile ikawa ya mtu mmoja kwa dakika kama kumi. Wengi husahau uzito wa jambo hili. Bila mashine hiyo huwezi kupanga mechi nne zinazofuatana usiku mmoja, na bila mechi nne kwa usiku hakuna ligi ya watu wazima inayoweza kulipa kodi ya uwanja.

Mwisho ni watu wenyewe. Waliocheza utotoni walifika miaka arobaini na hawakutaka kuacha. Mwaka 1975 Kanada ilipata chama cha wachezaji wakongwe, ambacho baadaye kilikuja kuitwa CARHA. Mwaka huohuo, huko Santa Rosa, California, mchoraji wa katuni Charles Schulz alianzisha mashindano ya wachezaji wa umri mkubwa kwenye uwanja alioujenga mwenyewe, na naye akicheza. Wayne Gretzky, mchezaji nyota wa NHL, alipouzwa kutoka Edmonton kwenda Los Angeles mwezi Agosti 1988, mchezo ulipata wapenzi wapya katika majimbo ambayo theluji huonekana kwenye picha tu. Viwanja vikajengwa, watoto wakajifunza, na watoto wale leo ndio wanaojaza madaraja ya watu wazima.

Wanawake wanacheza?

Wanacheza, na wamecheza tangu mwanzo: Isobel Stanley, binti wa gavana aliyetoa kombe, alikuwa barafuni Ottawa mwaka 1889. Mashindano ya dunia ya wanawake yalianza 1990 na Olimpiki ikafuata 1998 huko Nagano. Kwenye ligi za burudani kuna madaraja ya wanawake peke yao na madaraja ya mchanganyiko. Jinsia haimpi mtu daraja la chini wala la juu. Anapimwa kwa uwezo wake kama wengine. Uwanja unaotaka wanawake warudi msimu ujao uwape chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungika na bafu linalofanya kazi. Kuwaambia wavae kwenye choo cha watazamaji ni kuwafukuza.

Sijawahi kusimama kwenye barafu. Nijiandikishe?

Jiandikishe kwenye darasa la wanaoanza kwanza, halafu ligi. Jambo la kwanza utakalofundishwa ni kuanguka na kuinuka: goti moja chini, chuma cha mguu wa pili kikanyage barafu, mikono yote miwili ikandamize juu ya goti lililoinuka, kisha unasimama bila kushika ukuta. Utarudia mpaka uache kuona haya. Baada ya hapo ni kuteleza mbele, kugeuka na kusimama.

Kigezo changu cha kumruhusu mtu aingie ligi si kasi. Ni kusimama. Mtu anayeteleza kwa kasi lakini hawezi kusimama atamvunja mwenzake mguu, na atafanya hivyo bila nia mbaya yoyote. Ukiweza kusimama unapotaka, kwa upande wa kulia na wa kushoto, daraja la chini linakungoja.

Madaraja yanapangwaje?

Hapa ndipo ligi hufia au hupona. Kila mchezaji anapewa alama ya uwezo, na timu hupangwa daraja kulingana na alama za watu wake. Ligi nyingi huwa na madaraja manne au zaidi. La juu lina watu waliocheza vyuoni au hata kwa kulipwa, la chini lina waliojifunza ukubwani. Tofauti kati ya hawa wawili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu mmoja aliyecheza chuoni, akiwekwa na wanaoanza, anaweza kukaa na kisahani (kile kipande bapa kinachochezewa badala ya mpira) zamu nzima, yaani muda wote wa kuwa barafuni kabla ya kubadilishwa, bila mtu kumgusa.

Ndiyo maana mamluki ni tatizo kubwa kuliko ngumi. Timu inajisajili daraja la chini kwa majina ya watu wa kawaida, halafu wiki ya mtoano linatokea jina jipya, au mtu anavaa jezi ya mwingine. Timu nzuri za daraja hilo zinafungwa mabao kumi, zinapoteza hamu, na msimu unaofuata hazirudi. Msimamizi hupata malalamiko ya mechi moja, lakini kinachopotea ni ada ya wachezaji kumi na watano.

Dawa yake inajulikana. Orodha ya wachezaji ifungwe kabla msimu haujafika katikati. Kila anayecheza mtoano awe amecheza idadi fulani ya mechi za kawaida. Kitambulisho kikaguliwe kabla ya mechi na mwandika matokeo. Msimamizi awe na mamlaka ya kumpandisha mtu au timu nzima daraja katikati ya msimu, na mamlaka hayo ayatumie mapema, mechi ya tatu au ya nne, kabla watu hawajazoea kushinda. Nahodha atanuna. Aache anune.

Nilete timu yangu au nije peke yangu?

Inategemea mfumo wa ligi. Kwenye mfumo wa timu, nahodha analeta kikosi na analipa kwa pamoja. Kwenye mfumo wa kugawana, kila mtu anajiandikisha peke yake, anapimwa uwanjani kwa jioni moja au mbili, kisha manahodha wanachagua kwa zamu. Mfumo wa pili una kazi nyingi zaidi, lakini mechi zake huwa na ushindani na mgeni hakai msimu mzima bila kujua jina la mtu. Mahali penye wachezaji wachache ningeanza na huo.

Ada inakwenda wapi?

Sehemu kubwa inakwenda kwenye barafu. Kodi ya uwanja hutozwa kwa saa, kwa sababu mitambo ya kupooza hufanya kazi usiku na mchana hata uwanja ukiwa mtupu. Baada ya hapo kuna waamuzi, mwandika matokeo, bima na vikombe.

Hesabu ni rahisi na ni vizuri nahodha aifanye mbele ya wenzake. Timu nane zikikutana mara mbili ni mechi 56. Zikichezwa nne kwa wiki, msimu wa kawaida unachukua wiki 14, bila mtoano. Gharama ya saa hizo zote ukigawa kwa timu nane, kisha kwa wachezaji waliothibitisha, ndiyo ada. Neno muhimu hapo ni waliothibitisha. Nahodha anayegawa kwa watu 15 huku wawili kati yao wamesema "tutaona" atalipa pengo hilo mwenyewe. Ada ikusanywe yote kabla ya mechi ya kwanza, na asiyelipa asipewe jezi, hata akiwa shemeji yako.

Timu iwe na watu wangapi?

Barafuni wanakuwa sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Ukiacha kipa, mechi ya dakika 45 ikiwa na watu 15 kwa zamu sawa, kila mmoja anacheza dakika 15. Wakija kumi, anacheza dakika 22 na nusu, na kipindi cha tatu wote wanahema. Sajili 13 hadi 15. Kila wiki kutakuwa na aliyesafiri, mgonjwa, na aliyekwama kazini.

Zamu yenyewe iwe fupi, kama dakika moja. Kukaa barafuni dakika tatu huku wenzako wanakuangalia kutoka benchini ndilo kosa linaloharibu timu nyingi kuliko kufungwa.

Kwa nini mechi zetu ni saa nne usiku?

Kwa sababu watoto hupewa saa za jioni, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Watu wazima huchukua saa zinazobaki. Ligi yenye haki huzungusha saa hizo, ili timu ileile isipewe mechi ya mwisho kila wiki. Ukiona ratiba inaipendelea timu ya msimamizi, uliza mbele ya manahodha wote.

Mechi inachukua muda gani, na mbona saa haisimami?

Kwa kawaida ni vipindi vitatu vya dakika 15 hadi 20, na saa inaendelea hata filimbi ikilia. Uwanja umekodiwa kwa muda maalumu, na nyuma yenu kuna timu nyingine inayosubiri. Ligi nyingi husimamisha saa dakika mbili za mwisho kama tofauti ni bao moja au mawili. Adhabu ndogo, yaani mchezaji kutolewa barafuni kwa muda, kwenye kanuni za kawaida ni dakika mbili, lakini kwa kuwa saa haisimami, baadhi ya ligi huifanya tatu.

Kukumbana kunaruhusiwa?

Hapana. Kwenye ligi za burudani kumkumba mtu kwa makusudi ili umwangushe au umbamize ukutani ni adhabu. Kugusana kunabaki, maana watu wawili wakikimbilia kisahani kimoja pembeni lazima mabega yakutane. Mwamuzi hutazama nani alifuata kisahani na nani alifuata mtu.

Baadhi ya ligi hukataza pia shuti la kuinua gongo juu kabisa kabla ya kupiga. Kisahani kimetengenezwa kwa mpira mgumu na kina uzito wa gramu 156 hadi 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Beki wa daraja la chini akikipiga kwa nguvu zake zote, yeye mwenyewe hajui kitakwenda wapi.

Anayepigana anatolewa na kufungiwa mechi. Akirudia, afungiwe msimu. Kwenye jambo hili sioni sababu ya kusikiliza nani alianza.

Mbona kila timu inatafuta kipa?

Kwa sababu vifaa vyake ni ghali na vizito, kazi yake haina mapumziko, na akikosea watu wote wanaona. Goli lina upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 122, na mtu huyu amekubali kusimama mbele yake usiku wa manane. Timu nyingi humsamehe ada, na ni haki yake. Msimamizi awe na orodha ya makipa wa akiba, pamoja na kanuni inayosema kipa wa akiba atoke daraja lilelile au chini yake.

Makipa wa ligi hizi wamewahi kufika mbali. Tarehe 29 Machi 2018, Scott Foster, mhasibu wa miaka 36 aliyekuwa akicheza ligi ya burudani Chicago, aliingia golini kwa Chicago Blackhawks kwenye mechi ya NHL baada ya makipa wao kuumia. Alidaka michomo yote saba dhidi ya Winnipeg Jets kwa dakika 14. Februari 2020 ikawa zamu ya David Ayres, miaka 42, aliyewahi kuwa dereva wa mashine ya barafu, aliyeingia kuwasaidia Carolina Hurricanes na kushinda dhidi ya Toronto. Ukimsikia mtu anamdharau kipa wenu, mkumbushe hao.

Nahitaji vifaa gani?

Kofia ngumu yenye wavu wa uso, kinga za mabega, viwiko, magoti na sehemu za siri, suruali yenye pedi, glavu, viatu na gongo. Viatu vya barafuni huwa vidogo kuliko viatu vyako vya kawaida kwa namba moja au moja na nusu. Kidole gumba kiguse mbele kidogo unaposimama wima, na kisigino kisiinuke ukipiga magoti. Kofia na viatu nunua vizuri. Pedi unaweza kununua zilizotumika.

Kinga ya shingo ongeza hata kama ligi yako haijailazimisha. Oktoba 2023 Adam Johnson, mchezaji wa kulipwa, alifariki baada ya kukatwa shingoni na chuma cha kiatu wakati wa mechi Sheffield, na shirikisho la dunia, IIHF, likaifanya kinga hiyo kuwa ya lazima kwenye mashindano yake. Makali ya viatu vya daraja la nne yanakata sawasawa na ya wachezaji wa kulipwa.

Ukifika nyumbani, toa kila kitu kwenye begi na ukianike. Vifaa vinavyolala vibichi huleta ukungu na magonjwa ya ngozi.

Nina miaka hamsini. Moyo wangu utahimili?

Muulize daktari wako kabla ya msimu, usiulize nahodha. Hoki ya barafuni ni mbio fupi kali zinazofuatwa na kukaa, na mapigo ya moyo hupanda haraka sana. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2002 uliwapima wanaume wa zaidi ya miaka 35 wakiwa kwenye mechi za burudani, ukaona mapigo yao yakipita kiwango kinachoshauriwa kwa mazoezi. Kwa hiyo fanya mazoezi siku nyingine pia, upashe mwili joto kabla ya mechi, na usipuuze maumivu ya kifua, mkono au taya.

Uwanja uwe na mashine ya kushtua moyo, iwekwe mahali pasipofungwa kwa kufuli, na angalau watu wawili kila timu wajue ilipo. Nahodha aulize swali hili siku ya kwanza.

Na mtu akigongwa kichwa?

Anatoka, na harudi siku hiyo. Kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau matokeo, kukerwa na mwanga: yoyote kati ya hizo inatosha. Asiendeshe gari kurudi nyumbani.

Nimesikia hewa ya uwanjani inaweza kudhuru. Ni kweli?

Ni kweli pale mashine ya kulainisha barafu inapotumia gesi au petroli na uwanja hauna hewa ya kutosha. Hutoa kaboni monoksidi na naitrojeni dioksidi, na wachezaji wanaohema kwa nguvu huzivuta kuliko watazamaji. Watu kadhaa wakiumwa kichwa au kukohoa usiku mmoja, wote watoke nje mara moja na mechi isimame. Mashine za umeme zimepunguza hatari hii.

Waamuzi hupatikanaje?

Kwa taabu. Mechi nyingi hutumia wawili, nao hulipwa kiasi kidogo kwa saa za usiku. Wengi huacha kwa sababu ya matusi, wala si malipo. Nahodha peke yake ndiye azungumze na mwamuzi, na msimamizi awafungie wanaotukana hata wakiwa wachezaji wake bora.

Mechi yangu ya kwanza ni kesho. Nifike saa ngapi?

Dakika 40 kabla. Kufunga kamba za viatu peke yake kutakuchukua muda: legeza vidole, kaza kifundoni, kisha simama ukague kabla ya kufunga fundo. Soksi za jezi zipande baada ya kinga za magoti. Wageni wengi huvaa kofia na jezi, halafu wanakumbuka wamesahau pedi za viwiko. Mashine ikitoka, subiri mlango wake ufungwe na maji yagande ndipo uingie. Mtafute nahodha, mwambie unaanza, naye atakuweka pembeni kushoto au kulia na mtu wa kukuelekeza.